Nani Anakoroma Ndani ya Rekodi ya Madrasa?

Mtu alikuwa anakoroma katikati ya Suratun-Nas, na watu wote chumbani walikuwa macho.

Nitasimulia kwa mpangilio, kwa sababu niliandika kila kitu kwenye daftari, na daftari ninalo hapa.

Naitwa Saleh. Natengeneza spika, amplifaya na maiki hapa Ngamiani, Tanga mjini. Sikusomea popote. Nikiwa na miaka tisa niliifungua redio ya baba, nikaifunga, zikabaki skrubu nne, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Baba hakunipiga. Nikaendelea.

Vijana wa kijiweni wananiita Fundi Bubu, maana naongea chini chini. Fundi wa sauti asiye na sauti. Wakicheka na mimi nacheka, ila kwa chini.

Naishi peke yangu. Mke wangu Rahila alirudi kwao Muheza miaka minne iliyopita. Hatukuachana, aliondoka tu. Alisema nakoroma mpaka vikombe vinatikisika kabatini.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba haiwezekani. Mimi nilikatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, nikiwa na miaka mitano. Na mtu aliyekatwa kimeo hakoromi. Kila mtu huku kwetu anajua hivyo.

Akasema, "Sawa, Saleh." Akafunga begi.

Hatukuwahi kugombana kwa jambo jingine lolote.

Turudi madrasa.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Ustadh Abdulwakil, mwalimu wa madrasa ya mtaa wetu, alitaka kurekodi watoto wakisoma, kisha awatumie wazazi walio mbali. Wazazi wenyewe wametawanyika, huyu Dar, huyu Unguja, huyu Muscat. Akaniita mimi.

Watoto walikuwa kumi na mmoja. Chumba kidogo, mabati juu, mkeka chini. Stendi ya maiki ilikuwa imevunjika mguu, kwa hiyo maiki niliishika mwenyewe mkononi, nikakaa kwenye kiti mbele yao. Wakasoma vizuri kabisa.

Tulipowasha spika kusikiliza, likatoka kisomo, na chini ya kisomo kukatoka mkoromo.

Khrrr. Khrrr.

Ustadh akanitazama.

"Fundi."

"Naam, Ustadh."

"Kuna mtu kalala humu?"

"Hakuna."

"Basi nani anakoroma?"

Manase, jirani anayeziba pancha za baiskeli nje ya madrasa, alikuwa amechungulia dirishani. Yeye ni Mlutheri kutoka Lushoto, lakini kila shughuli ya madrasa lazima aipitie.

"Hilo jini, mzee," akasema. "Noma hiyo. Ondokeni humo ndani."

Ustadh akafikiri.

"Manase, hii ndiyo sura ya kumfukuza. Jini gani anakuja kukoroma kwenye sura ya kumfukuza yeye?"

Manase akarudi kwenye pancha zake.

Mimi siamini haraka na wala sikatai haraka. Nikafungua daftari. Nikabadilisha waya, mkoromo ukabaki. Nikabadilisha maiki, ukabaki. Nikaenda nyumba ya jirani kuomba wazime friji. Wakazima, wakalalamika kuhusu samaki wao, na mkoromo ukabaki vile vile.

Vifaa vikawa vimekwisha. Wakabaki watu.

Nikamwomba Ustadh awatoe watoto nje mmoja mmoja, na kila akitoka mmoja wengine wasome tena. Wa kwanza akatoka, mkoromo upo. Wa pili, upo. Tukafika wa saba, binti mdogo aitwaye Thuwaiba.

Alipotoka Thuwaiba, mkoromo ukapungua nusu.

Haukwisha. Ulipungua. Ile nusu iliyobaki ilikuwa nzito kidogo, ya chini chini. Nikaisikiliza kwenye hedifoni kwa muda mrefu, kisha nikaandika: *mwangwi wa mabati.*

Naomba ulikumbuke neno hilo. Mimi nililisahau.

Thuwaiba alikuwa na miaka saba. Analelewa na bibi yake, Bi Kazija, mwenyeji wa Wete, Pemba, aliyeolewa Tanga zamani hizo na hajawahi kuisamehe Tanga. Mama yake Thuwaiba yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani.

Mtoto yule mdomo wake ulikuwa wazi saa zote. Akisoma wazi, akicheza wazi, akitazama wazi. Midomo imekauka na kupasuka, shati lina alama ya mate kifuani. Wenzake walikuwa wanamwambia, "Thuwaiba, funga duka, nzi wanaingia!" Naye anafunga, anahesabu kama tano hivi, anafungua tena, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzamia.

Kula kwake nako kulikuwa kazi. Anatafuna mara mbili, anasimama kuvuta pumzi, anatafuna tena. Nyama alikuwa haili kabisa. Bibi yake alidhani anadeka.

Na kusema kwake ndiko kulikowachosha watu. Mimi aliniita "Abi Saleh" badala ya "Ami Saleh", maana herufi mim kwake haikuwepo. Nun nayo haikuwepo. Ulimi wake ulilala chini kama umechoka. Kila Ijumaa alikuwa anamrekodia mama yake ujumbe wa sauti, na kila Ijumaa jibu kutoka Muscat lilikuwa lile lile: "Rudia, mwanangu. Sijakuelewa."

Shuleni mwalimu alikuwa ameshasema mtoto huyu mzito, na mara nyingi husinzia darasani. Wakafikiria arudie darasa.

Haya yote sikuyajua siku ile. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, nikamwambia Ustadh: mkoromo ni wa Thuwaiba. Ustadh akamwambia Bi Kazija.

Bi Kazija akaona aibu mbele ya mtaa mzima. Kesho yake asubuhi akaja dukani kwangu.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Saleh, mwanangu, umenisaidia. Kumbe ni kimeo. Na mimi siku zote nasema mtoto huyu ana nini! Bi Nasma anakuja Jumamosi, atamkata."

Bi Nasma ni mkata vimeo kutoka Mkwaja. Huja mjini Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hufikia uani kwa Bi Kazija. Ndiye aliyenikata mimi.

"Sawa, Bi," nikasema.

Kweli nilisema hivyo. Sikuona tatizo. Mtoto anakoroma, anakatwa kimeo, anapona. Kama mimi.

Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilipita madrasa kuchukua waya zangu. Thuwaiba alikuwa amekaa kizingitini peke yake. Akanisalimia shikamoo, kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya puani ambayo ndani yake pua haikuwemo.

"Abi, kukatwa kimeo kunauma?" Mengine nayaandika kama alivyokusudia.

Sina desturi ya kuwadanganya watoto.

"Kunauma."

Akawaza.

"Wewe ulilia?"

Nikakumbuka. Nilikalishwa mapajani kwa mama, mikono yangu imefungwa kwa kanga. Ulimi ukashushwa kwa mpini wa kijiko, ukaja uzi, kisha kijisu kilichopinda mbele. Halafu ladha ya chuma. Nilikula uji wa baridi siku nne na niliogopa vijiko mpaka nikaanza shule. Mama alisema kabla ya hapo nilikuwa na sauti kubwa.

"Nililia," nikasema.

"Nikikatwa, nitasema vizuri? Mama atanielewa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikagundua kwamba sijui.

Mtu anakwenda kukatwa nyama ya mwili wake kwa sababu ya maneno yangu mimi, na mimi sijui. Hata spika ya mteja siwezi kuikata waya bila kujua kwanza hitilafu iko wapi.

Ndani, Ustadh alikuwa anawafundisha wakubwa ghunna. Kwa msiojua, ghunna ni ule mvumo mtu anaouvuta kwenye nun na mim anaposoma, na Suratun-Nas imejaa tele. Ustadh alikuwa anawaambia:

"Ghunna haikai kwenye koo wala kwenye ulimi. Iko puani. Mnabisha? Haya, vuteni. Nnnnn. Sasa kila mtu abane pua yake."

Darasa zima likabana pua. Mvumo ukakatika ghafla, kama umeme wa mtaani kwetu.

"Mmeona? Ukiziba pua, ghunna inakufa."

Nikasimama pale mlangoni na waya zangu mkononi.

Thuwaiba hakuwa na ghunna. Hakuwa na mim, hakuwa na nun. Na hakuna aliyekuwa ameibana pua yake.

Nikamwomba Ustadh ruhusa, nikatoa simu yangu, nikapangusa kioo kikang'aa. Nikakiweka chini ya pua ya Ustadh, nikamwambia afunge mdomo apumue. Kikafanya ukungu, madoa mawili. Nikaweka kwa mtoto mmoja, mawili. Mwingine, mawili.

Nikaweka kwa Thuwaiba. Akafunga mdomo. Akakaza macho. Kifua kikapanda.

Kioo kikavu.

Akafungua mdomo, haah, akavuta hewa yote ya chumba.

Nikarudia mara tatu kwa muda tofauti, na kila mara nikaandika. Siku hiyo mtoto hakuwa na mafua. Kioo hakikupata ukungu hata mara moja.

Jioni nikaenda kwa Bi Kazija. Nikamweleza kwa adabu: mkoromo unatoka kooni, ndiyo, lakini hitilafu inaonekana iko puani. Kukata kimeo ni kama kubadilisha spika wakati waya ndio uliokatika. Tumpeleke hospitali kwanza, kimeo kitangoja.

Bi Kazija alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha.

"Saleh. Wewe ni daktari?"

"Hapana, Bi."

"Ni mganga?"

"Hapana."

"Unatengeneza nini wewe?"

"Spika."

"Basi spika ikikoroma nitakuita, yakhe."

Akapepeta.

"Wanangu watano wote wamekatwa. Mimi nimekatwa. Wewe umekatwa. Umekufa?"

"Sijafa, Bi."

"Unakoroma?"

"Sikoromi."

"Haya. Mbona unamnyima mtoto wa watu ulichopewa wewe?"

Nikaaga.

Jumatano nikarudi, akaniambia yuko kwenye swala. Alhamisi nikarudi, nikaambiwa yuko kwenye swala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwenyewe nikaelewa.

Ijumaa nikampigia mama mtu Muscat kwa namba niliyopewa na Ustadh. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaka Saleh, mimi niko huku, mtoto yuko mikononi mwa mama. Nikimwambia mama hapana, nani atabaki naye?" Kisha akasema, "Tafadhali jitahidi." Kisha akakata, maana mwenye nyumba alikuwa anamwita.

Jumamosi nilifika uani kwa Bi Kazija mapema, pamoja na Ustadh. Nilimwomba aje kwa sababu yeye ana sauti.

Bi Nasma alikuwa ameshafika. Mzee sasa, mwembamba, kanga zake safi, mikono haitetemeki hata kidogo. Vifaa vyake vimechemshwa vimepangwa kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Alikuwa msafi kuliko mafundi wengi ninaowajua, nikiwemo mimi.

Thuwaiba alikuwa mapajani kwa bibi yake. Kanga imeshafungwa mikononi. Halii. Mdomo wazi, ananitazama mimi.

"Shikamoo, Bi Nasma."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Saleh wa marehemu Mwanahawa. Ulinikata mwaka ule wa mafuriko."

"Ah! Yule aliyening'ata!"

"Ndiye."

Akanyanyua kidole cha shahada. Alama ipo mpaka leo. Nikaomba radhi.

"Bi Nasma," nikasema, "naomba dakika tano kabla hujaanza. Nina swali, na nina kioo."

Bi Kazija akaanza, "Nasma, usimsikilize, huyu spika zimemwingia kichwani."

"Mwache aulize," Bi Nasma akasema. "Anayeuliza hang'ati."

"Umeshamwangalia mtoto koo?"

"Nimemwangalia. Kimeo kirefu."

"Katika watoto wote ulioletewa, umewahi kuona kimeo kifupi?"

Bi Nasma alilichukulia swali kama lilivyo, na hilo ndilo linalonifanya nimheshimu. Akatazama sinia yake. Akahesabu kichwani, naona vidole vinacheza.

"Sijawahi kuletewa kifupi," akasema mwisho.

Nikatoa simu. Nikapangusa kioo. Nikaanza na Ustadh, madoa mawili. Bi Kazija alikataa, kisha akaona wivu, akakubali: madoa mawili makubwa. Manase alikuwa amechungulia ukutani, naye nikampimia huko huko juu ya ukuta: mawili. Bi Nasma akapumua mwenyewe, mawili, akayatazama kwa makini kama mtu anayesoma barua.

Kioo kilipita kwa kila mtu pale uani. Aliyekishika nilikuwa mimi.

Kisha kikafika kwa Thuwaiba.

"Mfunge mdomo," Bi Nasma akamwambia Bi Kazija.

Bi Kazija akaweka kiganja taratibu. Tukangoja. Kioo kikavu. Miguu ya mtoto ikaanza kupiga. Macho yakamtoka. Ustadh akasema, "Bibi, mwachie!" Bi Kazija akaachia kama ameshika kaa la moto.

Mtoto akavuta pumzi moja ndefu, kisha kwa mara ya kwanza wiki nzima akalia.

Bi Kazija alikuwa anatazama kiganja chake.

"Kumbe hana pengine," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto hana pengine pa kuvutia pumzi. Na mimi kutwa namwambia afunge mdomo."

Bi Nasma akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Mimi nakata ninachokiona," akasema. "Hiki kiko nyuma ya pua, mimi sikioni. Mpelekeni kwa mwenye kukiona." Akafunga sinia. "Na koo hili ningelitia damu, na pua imeziba, angepumulia wapi?"



Kanga ikafunguliwa mikononi. Thuwaiba akaomba maji.

Hospitali tulimpata daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Godlisten, kijana mpole, naye anaongea chini chini kama mimi. Akapiga picha. Akatuonyesha: nyuma ya pua, pale hewa inapogeuka kushuka kooni, nyama zilikuwa zimevimba zimejaa njia yote. Watu huziita nyama za pua.

Akatueleza kwamba mtoto akikaa miaka akipumua kwa mdomo, ulimi husahau mahali pake, ambapo ni juu, nyuma ya meno. Taya la juu linabaki jembamba, meno yanajaa, herufi zinapotea. Usiku halali usingizi wa kweli, mchana anaonekana mzito.

"Kwa hiyo si mjinga?" Bi Kazija akauliza.

"Bibi, amechoka tu."

Bi Kazija akashusha ushungi usoni.

Zile nyama zikatolewa. Lakini daktari alituonya: pua ikifunguka, mdomo haujifungi wenyewe, umeshazoea. Akatupa mazoezi, nami nikayachorea jedwali. Kushika kipande cha karatasi kwa midomo wakati anatazama katuni. Kuweka funda la maji mdomoni bila kumeza, huku nahesabu mpaka ishirini na yeye anapumua kwa pua. Kutafuna mdomo umefungwa. Ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno, mara ishirini asubuhi, ishirini jioni.

Siku ya kwanza alifika nne, akanitemea maji kwenye daftari. Ukurasa ule bado umekunjamana.

Wiki ya tatu alifika ishirini. Wiki ya tano Bi Kazija alinipigia simu kuniambia mtoto amekula nyama, vipande viwili, na anaomba cha tatu. Akakata bila kuaga.

Mfunguo Sita ukaingia. Ustadh akaniita turekodi tena.

Chumba kile kile, mabati yale yale, watoto kumi na mmoja. Stendi ya maiki bado sijaitengeneza, fundi chake huwa kibovu. Nikaishika mkononi, nikakaa mbele yao. Bi Kazija alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Manase dirishani.

Ustadh akamwambia Thuwaiba aanze peke yake.

Akasoma. Alipofika kwenye nun, akapeleka ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno, akaivuta ile ghunna. Ikakaa. Ikavuma. Haikukatika mpaka alipoikata mwenyewe.

Ustadh akavua miwani akaifuta. Haikuwa na uchafu.

Tukawasha spika. Likatoka kisomo cha Thuwaiba, safi.

Na chini yake:

Khrrr. Khrrr.

Ule mzito. Wa chini chini.

Bi Kazija akasimama. "Saleh! Si umesema amepona?"

"Amepona, Bi." Nikapekua daftari haraka. "Huo ni mwangwi. Niliuandika. Mwangwi wa mabati."

"Mwangwi wa nini?" Ustadh akauliza. "Mwangwi unabakije na mwenyewe hayupo?"

Hilo swali lilikuwa zuri. Nilipaswa kujiuliza mimi.

Manase akasema dirishani, "Nilisema jini."

Thuwaiba akainua mkono, kama wanavyofundishwa.

"Ni Ami Saleh," akasema.

Alisema Ami. Kwa mim yake kamili.

"Nini mimi?"

"Ni wewe unayekoroma, Ami. Unashika maiki hapa" — akaweka ngumi chini ya kidevu chake — "halafu unapumua ndani. Na mdomo wako uko wazi. Hata sasa hivi."

Nikafunga mdomo.

"Siku zote uko wazi," akaongeza kwa upole. "Nilidhani unajua."

Chumba kizima kikanigeukia. Nikakaa nimefunga mdomo. Nikahesabu. Nilipofika sita nikaufungua, nikavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzamia.

Thuwaiba akaja. Akachukua simu kutoka mfukoni mwangu, akapangusa kioo kwa shati lake, akakiweka chini ya pua yangu kama nilivyomwonyesha.

"Funga. Pumua."

Akakitazama. Akakigeuza nione.

Upande mmoja hakuna kitu. Upande wa pili doa dogo, kama la kucha ya mtoto.

"Rudia," akasema. "Mara tatu. Ndiyo utaratibu."

Tukarudia mara tatu.

Nilipima waya, maiki, friji ya watu, watoto kumi na mmoja, Ustadh, bibi wawili na Mlutheri mmoja juu ya ukuta. Sikumpima mtu aliyekuwa anapima. Sikuona haja. Nilikatwa kimeo.

Rekodi ile ilikwenda Muscat hivyo hivyo, na mkoromo wangu ndani yake. Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Mwanzo mtu anapenga kamasi, kisha sauti ya mama mtu: "Rudia, mwanangu. Nimekuelewa. Rudia tu nisikie."

Mimi nilitoka nje, nikakaa juu ya ndoo ya Manase, nikampigia mtu Muheza.

"Asalaam aleikum, Rahila."

"Waaleikum salaam. Kuna msiba?"

"Hakuna. Rahila, ulisema nakoroma."

"Miaka minne iliyopita."

"Nimepima."

"Umepima."

"Mara tatu. Nimeandika. Ulikuwa sahihi."

Nilisikia soko nyuma yake, watu wanaitana kwenye malori ya machungwa.

"Nani kakuambia?"

"Mtoto wa miaka saba."

"Yeye umemwamini."

"Alikuwa na kioo."

Akacheka. Rahila hacheki kwa urahisi, na mimi nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyoanza.

"Daktari unamwona lini?"

"Jumanne."

"Nitakuja Jumanne," akasema. "Nikikuacha uingie peke yako, utamweleza daktari kwamba hukoromi."

Alikuja. Pua yangu mfupa wa ndani umepinda tangu utotoni, na kimeo changu, Mungu akirehemu, kilikatwa bure. Nasubiri zamu ya kunyooshwa. Rahila amerudi na begi lake, analala chumba cha pili kwa sasa, mlango umefungwa. Mazoezi ya funda la maji ananisimamia Thuwaiba kila jioni. Nimefika kumi na moja.

Ukiwa na mtoto anayekaa mdomo wazi, usimwambie afunge kabla hujajua kama ana pengine pa kupumulia. Chukua kioo, kisha mpeleke kwa wenye kujua. Na kioo ukishakizungusha nyumba nzima, mpe mtu mwingine akushikie na wewe.